Kidonge cha kunyamazisha njaa

Januari 1968 jarida la Life la Marekani lilichapisha habari ya uchunguzi ya mwandishi wake, Susanna McBee. Alikuwa amezunguka kwa madaktari kumi waliojulikana kwa kutibu unene, akijifanya mteja. McBee hakuwa mnene. Alitaka kuona kama yupo hata mmoja atakayemwambia kwamba hana haja ya dawa. Alipomaliza mzunguko wake, mkobani alikuwa na takribani vidonge 1,500.

Vilikuwa vya kila rangi, ndiyo maana Wamarekani waliviita vidonge vya upinde wa mvua. Cha asubuhi kilikuwa na rangi yake, cha mchana yake, cha jioni yake, na mgonjwa aliyefuata kwenye foleni hiyohiyo angeweza kupewa mpangilio mwingine kabisa. Watu waliamini kwamba daktari amekaa, akawapima, akawachanganyia dawa inayoufaa mwili wa kila mmoja. Kumbe rangi zilikuwa biashara. Kampuni zilizovitengeneza, Clark & Clark ya New Jersey ikiwa miongoni mwa zilizotangulia katika miaka ya 1940, ziliwauzia madaktari moja kwa moja kwa bei ya chini, nao wakaviuza palepale kliniki kwa faida nono. Hapakuwa na safari ya duka la dawa, wala mfamasia wa kuuliza maswali.

Ndani ya rangi hizo mlikuwa na amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo na kukata hamu ya kula. Hiyo ndiyo iliyobeba mzigo. Nyingine ziliandamana nayo. Palikuwa na homoni ya tezi ya shingo ili mwili uunguze chakula haraka, dawa ya kukojoza ili mizani ishuke hata kama kilichopotea ni maji, na dawa ya kuharisha. Kwa kuwa mtu aliyekunywa mchanganyiko huo hawezi kulala wala kutulia, aliongezewa dawa ya usingizi ya jamii ya babichureti. Juu ya yote hayo wengine waliwekewa dijitalisi, dawa ya wagonjwa wa moyo.

Hebu fuata njia ya mchanganyiko huo mwilini. Dawa ya kukojoza inaondoka na maji, na pamoja na maji inaondoka na potasiamu, madini ambayo moyo unayategemea ili upige kwa mpangilio. Potasiamu ikipungua, dijitalisi inageuka sumu hata kwa kipimo kidogo. Wakati huohuo amfetamini na homoni ya tezi zinauchapa moyo ukimbie. Katika jimbo la Oregon wachunguzi wa vifo walianza kuona wanawake waliokufa ghafla, na vidonge vya rangi vikiwa kwenye makabati yao. Mwaka huohuo wa 1968 Seneta Philip Hart wa Michigan aliendesha vikao vya Seneti kuhusu biashara hiyo, na serikali ikaanza kuzibana kampuni.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina karibu kila kitu kilichokuja kutokea baadaye: mteja asiye mgonjwa, muuzaji anayejiita mganga, uzito unaopungua wiki ya kwanza, na moyo unaolipa deni mwishoni.

Amfetamini yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya unene. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1887 mjini Berlin na mkemia Mromania, Lazăr Edeleanu, ambaye hakuiona kazi yake. Ikakaa kabatini miaka 40 hivi, hadi Gordon Alles wa Los Angeles alipoifufua akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya efedrini, dawa ya pumu. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Smith, Kline & French iliiuza kwa jina la Benzedrine, kwanza kama kifaa cha kuvuta puani kwa mafua, kisha kama vidonge vya huzuni na vya ugonjwa wa kusinzia ovyo. Madaktari waliowapa dawa hiyo wagonjwa wa kusinzia ndio waliogundua kwamba watu hao wameacha kula. Kufikia 1938 yalikuwa yamechapishwa majaribio ya kuitumia kwa wanene. Vita vikaja, majeshi ya pande zote mbili yakawagawia askari wao vidonge vya jamii hii ili wakeshe, na vita vilipokwisha soko lilikuwa limeshazoea.

Ukubwa wa mazoea hayo unaonekana katika makadirio ya mamlaka ya dawa ya Marekani ya mwaka 1962: amfetamini iliyotengenezwa nchini humo mwaka huo ilitosha kumpa kila raia, mtoto mchanga na bibi kizee, dozi 43. Sehemu kubwa ilikwenda kwa akina mama wa nyumbani waliokwenda kwa daktari wakilalamikia uzito na uchovu. Kidonge kimoja kiliwaondolea vyote viwili. Walipika, walifua, walifagia, wala hawakuonja walichopika.

Jinsi inavyofanya kazi si fumbo. Amfetamini na ndugu zake huingia kwenye ubongo na kuzilazimisha seli za neva zimwage noradrenalini na dopamini. Hizo ndizo kemikali ambazo mwili huzimwaga wenyewe unapokuwa hatarini. Moyo unakwenda mbio, mboni zinapanuka, mdomo unakauka, na tumbo linaambiwa lisubiri. Mtu anayekimbizwa na nyati hakumbuki ugali. Aliyemeza kidonge hiki hakimbizwi na chochote, lakini mwili wake haujui hilo. Unaendelea kukimbia saa sita, saa nane, siku nzima.

Mwili hauna ujinga wa kudumu. Baada ya majuma machache unazoea, na njaa inarudi. Hapo mtumiaji ana njia mbili: kuacha, au kuongeza dozi. Ndiyo sababu dawa za namna hii ambazo bado zinaruhusiwa Marekani, kama fentermini iliyoidhinishwa mwaka 1959, huandikwa kwenye maelezo yake kwamba ni za muda mfupi, wa wiki chache tu. Maelezo hayohayo yanakiri jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: tofauti ya uzito kati ya waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu ni sehemu tu ya ratili moja kwa wiki. Ratili moja haifiki nusu kilo. Kwa hiyo kinachonunuliwa kwa presha ya kupanda, usiku wa kukesha na hatari ya uraibu ni pungufu ya nusu kilo kwa wiki, nao ni wa mwanzo, kwa sababu watu wengi wakiacha dawa hurudi walikotoka.

Wasomaji wa pwani ya Kenya, wa Meru, au wa Eastleigh huenda wanasoma aya hizi wakitabasamu, kwani dalili zote hizo wanazijua bila msaada wa kemia. Aliyewahi kuishi na mtafunaji wa miraa anajua habari ya sahani inayopoa mezani. Mama anapakua, anaita, anafunika, na mwenyewe yuko kijiweni na kifurushi chake, karanga, ubani wa Big G na soda, macho makavu, maneno mengi. Huko Yemen walishazoea kula chakula kizito cha mchana kwanza, kisha ndipo wakae kutafuna, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayetamani kula. Majaribio ya hospitali yameonyesha pia kwamba miraa inachelewesha tumbo kumaliza chakula lililonacho.

Ndani ya jani la miraa mna kathinoni. Maabara ya Umoja wa Mataifa ndiyo iliyoitambua mwaka 1975, na umbile lake linakaribiana mno na la amfetamini. Kathinoni haina subira. Jani likishachumwa, ndani ya siku mbili hivi nguvu yake imekwisha, inabaki kathini iliyo hafifu zaidi. Ndiyo maana miraa inafungwa kwenye majani ya migomba, na ndiyo maana magari yanayoshuka nayo kutoka Maua kwenda Nairobi yanaendeshwa kama yanakimbiza mgonjwa.

Sasa sikiliza hili. Mwaka huohuo fentermini ilipoidhinishwa, Marekani ilikuwa pia na kidonge kingine cha kupunguza uzito, amfepramoni, kilichouzwa kwa jina la Tenuate. Mkemia akikichora kwenye karatasi, ni kathinoni iliyoongezewa matawi mawili madogo. Na ile kathini inayobaki kwenye jani lililolala imeuzwa miaka mingi katika maduka ya dawa ya Afrika Kusini kama kidonge cha kukata hamu ya kula. Yaani kile ambacho kijana wa Same, mkoani Kilimanjaro, anakamatiwa nacho na kufunguliwa kesi ya dawa za kulevya kwa jina la mirungi, binamu yake alikaa kwenye kabati la kioo, kwenye boksi lenye picha ya mwanamke mwembamba. Kenya inakitambua kisheria kama zao la biashara. Tanzania inakichoma moto. Uingereza ilikipiga marufuku mwaka 2014. Sisemi kwamba mirungi ihalalishwe, wala sina hamu ya kuingia katika ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba boksi na koti jeupe havibadilishi kitu kinachoingia kwenye damu. Mwaka 2022 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza amfepramoni iondolewe sokoni, kwa kuwa ilikuwa inatumiwa zaidi ya miezi mitatu inayoruhusiwa, na inaweza kuleta shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, maradhi ya moyo na uraibu. Ilikuwa imekaa sokoni zaidi ya miaka 60.

Shinikizo hilo la mapafu linastahili maelezo, maana ndilo lililoziumbua dawa hizi mara baada ya mara. Mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu inakakamaa na kuziba polepole, moyo wa upande wa kulia unasukuma kwa nguvu zaidi na zaidi hadi unachoka. Mgonjwa anaona pumzi inakata akipanda ngazi. Anadhani ni unene. Anaongeza dawa ya unene. Katika miaka ya 1960 Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi ziliuza kidonge kiitwacho aminoreksi. Kiliingia sokoni mwaka 1965. Haikuchukua muda mrefu madaktari wa moyo mjini Bern wakaanza kupokea wagonjwa wa maradhi ambayo awali walikuwa wakiyaona kwa nadra sana, wengi wao wanawake waliokuwa wakijikondesha. Mwaka 1968 kikaondolewa.

Funzo hilo lingetosha. Halikutosha. Amfetamini ilipobanwa na sheria ya Marekani mwaka 1971, kampuni ziligeukia dawa za ukoo wake zisizolevya. Moja ni fenflurameni. Hii haichangamshi; inagusa serotonini na kumfanya mtu ajione ameshiba, lakini inamletea usingizi. Daktari mmoja wa Rochester, New York, Michael Weintraub, akaona aichanganye na fentermini: moja inalaza, nyingine inaamsha, zote zinakata njaa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1992, na nchi nzima ikapagawa. Kliniki za kujikondesha zilifunguliwa kila kona, na mwaka 1996 peke yake maandiko ya dawa hizo yalizidi milioni 18. Lakini mchanganyiko wenyewe haukuwahi kuidhinishwa na mamlaka ya dawa kama mchanganyiko.

Waliofichua hatari walianzia Fargo, mji wa Dakota Kaskazini, ambako fundi wa vipimo vya moyo aliona kwenye skrini jambo asilolitarajia kwa wanawake wa umri ule: vali za moyo zimekuwa nene, nyeupe, hazifungi. Wote walikuwa wanatumia dawa za kupunguza uzito. Taarifa iliyoandikwa pamoja na madaktari wa Mayo Clinic ilieleza habari za wanawake 24, na Septemba 1997 fenflurameni ikaondolewa. Mtengenezaji wake akaishia kutenga zaidi ya dola bilioni 20 za fidia.

Ufaransa nako kulikuwa na kidonge kiitwacho Mediator, cha kampuni ya Servier, kilichouzwa tangu 1976. Kwenye karatasi kilikuwa cha wagonjwa wa kisukari na wenye mafuta mengi kwenye damu. Mitaani kila mtu alijua kinakondesha, na madaktari wakakiandika kwa waliotaka kupungua. Takribani watu milioni 5 walikitumia. Kikifika mwilini kinavunjika na kuzaa kitu kilekile kinachozaliwa na fenflurameni, ile iliyoharibu vali kule Fargo. Lakini Marekani ilipoondoa ya kwao mwaka 1997, Mediator ilibaki kwenye rafu za Wafaransa miaka 12 zaidi.

Irène Frachon alikuwa daktari wa mapafu katika hospitali ya Brest, mji wa bandari mbali na Paris. Mwaka 2007 alimpokea mgonjwa mwenye shinikizo la mapafu aliyekuwa anatumia Mediator, na jina hilo likamkaa kichwani. Akaanza kufukua mafaili ya wagonjwa wa vali, moja baada ya jingine, akiuliza swali moja tu: alikuwa anakunywa nini? Alipopeleka matokeo yake kwa mamlaka, hakupokewa kwa shangwe. Dawa iliondolewa Novemba 2009 kimyakimya, kana kwamba imekwisha tu dukani. Mwaka 2010 akachapisha kitabu kilichobeba jina la dawa hiyo, na chini yake swali: vifo vingapi? Kampuni ikaenda mahakamani, na mahakama ya Brest ikaamuru swali hilo lifutwe kwenye jalada. Wachapishaji wakalifuta, mahakama ya rufaa ikalirudisha mwaka uliofuata. Jibu la swali lake lilikadiriwa baadaye kuwa ni mamia ya watu, kwa uchache 500.

Machi 2021 Servier ilikutwa na hatia ya udanganyifu na ya kusababisha vifo bila kukusudia, ikapigwa faini ya yuro milioni 2.7. Mamlaka ya dawa ya Ufaransa nayo ilitozwa yuro 303,000 kwa kuzembea. Mahakama ya rufaa, Desemba 2023, iliongeza adhabu na kuamuru zaidi ya yuro milioni 400 zirudishwe kwa mifuko ya bima ya afya. Ufaransa ni nchi yenye maabara, bajeti na magazeti ya kutosha, na bado ilimhitaji daktari mkaidi wa mkoani ndipo ijue kinachoua watu wake.

Kwa nini jambo lilelile linarudi? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu faida na hasara za dawa hizi hazifiki siku moja. Faida inafika Ijumaa, kwenye mizani, na jirani anaisifia. Hasara inafika baada ya miaka miwili, ikiwa na jina la ugonjwa mwingine, kwa daktari mwingine ambaye haulizi mgonjwa alikuwa akinywa nini alipokuwa akijikondesha. Naye mgonjwa hasemi, maana anaona aibu.

Kwetu aibu hiyo ya unene ni ngeni kidogo. Katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa hauna dawa, aliyekonda alinong'onwa mtaani, na mwili ulikuwa ushahidi wa afya. Hadi leo wapo wanaomeza vidonge vya mzio ili wanenepe, na duka linalouza vya kunenepesha linaweza kuwa na vya kukondesha kwenye rafu ya chini. Ila mjini upepo umegeuka. Fungua simu yako uone: chai ya kuyeyusha kitambi, kahawa ya kupunguza tumbo, kapsuli za mitishamba ya Uchina, "haina kemikali, matokeo ndani ya siku 7, tunatuma mikoani."

Kuhusu hilo neno la mitishamba, kuna dawa iitwayo sibutramini. Iliuzwa kihalali duniani kwa majina ya Reductil na Meridia. Ilipojaribiwa kwa takribani watu 10,000 wenye hatari ya maradhi ya moyo, waliopewa dawa walipatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 16 zaidi ya waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani. Haikufa, ilihamia kwenye chai. Tangu wakati huo mamlaka ya dawa ya Marekani imeikuta mara nyingi ndani ya vyakula, kahawa na kapsuli zinazonadiwa kuwa ni mimea mitupu, bila jina lake kuandikwa popote. Kwa hiyo ukinywa chai ya majani halafu moyo ukaenda mbio, mdomo ukakauka, usingizi ukapotea na sahani ya wali ikakuchukiza, jiulize kwanza ni jani gani hilo.

Hata efedra, mmea wa kweli wa Kichina usiofichwa chochote, Marekani iliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya kifo cha Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles aliyekuwa akiitumia kujipunguza. Alikuwa na miaka 23.

Sindano mpya za kupunguza uzito, zile za jamii ya semaglutidi, hazimo katika ukoo huu. Hazikimbizi mwili, zinaiga homoni ya utumbo inayoleta shibe. Zina mambo yake. Nazitaja kwa kuwa wauzaji wa mtandaoni wameshaanza kuvika vidonge vyao vya zamani jina la dawa hizo.

Msomaji mwenye kopo la dawa au chai ya kukondesha nyumbani, soma kwanza kilichoandikwa ndani na nje. Kama halina usajili wa TMDA kwa Tanzania, au wa Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, acha kulitumia. Kama una presha, kisukari, ujauzito au historia ya moyo katika ukoo, acha kulitumia hata kama limesajiliwa. Na kama umewahi kulitumia, hata zamani, ukaanza kuishiwa pumzi, kuvimba miguu au kusikia maumivu ya kifua, nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi, uliweke mezani kwa daktari kabla hajakuuliza.